Somo la Kumi na Mbili: Simu Imelala, Mbona Chaji Imeisha?

Siku moja nilitembelea darasa la watu wazima katika kijiji kimoja. Tulipomaliza kusoma, mwanakisomo mmoja aliomba nafasi ya kuuliza swali. Alikuwa baba wa makamo, mkulima wa mahindi na alizeti. Alisema hivi:

"Mwalimu, Jumatatu jioni nilipeleka simu yangu kwenye kibanda cha kuchajia. Nililipa shilingi 500, nikarudishiwa simu imejaa. Jumanne kutwa nilikuwa shambani, sikumpigia mtu hata mmoja. Usiku niliiweka juu ya sanduku, kioo kimezima. Saa 9 usiku mtoto wetu akashikwa na degedege. Nikachukua simu nimwite mpwa wangu mwenye pikipiki. Simu haikuwaka. Nikakimbia kwa miguu gizani mpaka kwake. Tulifika zahanati karibu na alfajiri. Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini nauliza: chaji yangu ililiwa na nani?"

Darasa zima lilianza kuzungumza. Mmoja alisema kijana wa kibandani ni mwizi, hajazi simu za watu. Mwingine alisema simu ile ni ya bandia. Yule baba mwenyewe alikuwa amekwisha kugombana na kijana wa kibandani.

Siku ile sikuweza kumjibu vizuri. Niliporudi nyumbani niliuliza, nikasoma, tena nikaipima simu yangu mwenyewe. Somo hili ndilo jibu.

KULALA SI KUZIMIKA

Hebu tufikiri juu ya taa ya chemli. Jioni unaiwasha, mwanga unajaa nyumba. Wakati wa kulala unapunguza utambi. Mwanga unabaki mdogo kama punje. Je, mafuta yameacha kupungua? La, hasha. Yanapungua polepole. Taa ikikaa hivyo mpaka asubuhi, utaona mafuta yameshuka.

Simu nayo ni hivyo hivyo. Kioo kikizima, simu haijazimika. Umepunguza utambi tu. Ndani yake kazi zinaendelea. Nyingine ni za lazima. Nyingine hazina faida kwako, lakini chaji zinakula.

Tuzitazame kazi hizo moja moja.

1. Simu inausikiliza mnara

Simu hupata mtandao kutoka kwenye mnara. Ili mtu akikupigia simu iweze kuita, lazima simu yako iwe inasikiliza. Kila sekunde moja au mbili, au hata kabla ya hapo, simu huamka kidogo na kutega sikio: "Je, nimeitwa?" Kama haikuitwa, inalala tena. Hufanya hivyo usiku na mchana.

Kazi hii hula chaji kidogo tu kama mnara uko karibu. Ndiyo maana simu ndogo ya vitufe yaweza kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Kazi yake wakati wa kulala ni hiyo karibu peke yake.

2. Mtandao hafifu huichosha simu

Hapa ndipo wanakijiji wengi tunapoumia. Mtu akiwa karibu nawe, unazungumza naye kwa sauti ya chini. Akiwa ng'ambo ya bonde, unapiga kelele. Simu nayo ikiwa karibu na mnara hutuma kwa nguvu ndogo. Ikiwa mbali hutuma kwa nguvu kubwa. Katika mtandao wa zamani unaoitwa 2G, simu iliyo mbali na mnara yaweza kutuma kwa nguvu inayofika wati 2. Iliyo karibu na mnara huamriwa na mnara ipunguze, mpaka ifike chini ya sehemu moja ya mia ya wati.

Mtandao ukikatika kabisa, hali huwa mbaya zaidi. Simu haikati tamaa. Inatafuta mnara huku na huku, inapumzika kidogo, kisha inatafuta tena. Simu iliyowekwa ndani ya nyumba isiyoshika mtandao yaweza kutafuta hivyo usiku kucha. Mwenyewe umelala, nayo inahangaika.

Kama simu ina laini mbili, kila laini ina mtandao wake wa kuusikiliza. Laini moja ikiwa haishiki mtandao mahali pale, itaendelea kuutafuta hata kama ile nyingine inashika vizuri.

3. Programu hufanya kazi kwa siri

Simu janja, yaani simu ya kugusa kioo, ina programu nyingi ndani yake. Programu ni kama wafanyakazi. Kuna wa ujumbe, wa picha, wa habari, wa michezo. Ukiwasha data, wafanyakazi hawa hawangoji uwaite. Mmoja anakwenda kutazama kama kuna habari mpya. Mwingine anapokea video kutoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la ushirika. Mwingine anajifanyia marekebisho. Kila mmoja akiamka, anaiamsha simu yote. Tena ujumbe unapoingia, mara nyingi kioo huwaka, na kioo kinachowaka ni mlaji mkubwa wa chaji.

Watengenezaji wamejaribu kulipunguza jambo hili. Tangu mwaka 2015 simu za Android zilianza kuwa na utaratibu wa kuzilaza programu ikiwa simu haiguswi. Simu ikitulia mahali pamoja kwa muda mrefu, usingizi wake huwa mzito zaidi. Hata hivyo programu nyingine hupewa ruhusa ya kuamka, na mara nyingi ruhusa hiyo tumeitoa sisi wenyewe bila kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye kioo.

4. Simu inatafuta mahali ilipo

Baadhi ya programu hutaka kujua simu iko wapi. Simu husikiliza mitambo inayozunguka angani, iitwayo setelaiti, ili ipate jibu. Programu ikiuliza mara kwa mara, chaji inakwenda. Vivyo hivyo waifai na Bluetooth zikiachwa wazi, simu inaendelea kutafuta vyombo vya kuungana navyo, hata kama kijijini hakuna kimoja.

5. Betri yenyewe imezeeka

Betri za simu za siku hizi ni za madini ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991. Mwaka 2019 wataalamu watatu waliofanya kazi ya kuzivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Betri hizi ni nzuri, lakini nazo huzeeka. Betri nyingi zikishajazwa kikamilifu mara 500 hivi, hubaki na asilimia 80 tu ya uwezo wake wa kwanza. Nyingine huvumilia zaidi. Joto huzizeesha upesi. Mtungi wa zamani ulichukua ndoo mbili. Huu wa sasa umepunguka, hauchukui tena kiasi kile. Simu itaandika asilimia 100, lakini ni asilimia 100 ya mtungi mdogo.

TUFANYE HESABU

Nyuma ya betri, au kwenye boksi la simu, huandikwa namba kama 5000 mAh. Namba hii inaonyesha ukubwa wa akiba ya umeme ndani ya betri. Tuichukulie kama gunia lenye vipimo 5000.

Tuseme simu iliyolala vizuri inatumia vipimo 50 kwa saa.
5000 ÷ 50 = saa 100. Hizo ni siku 4 na saa 4.

Sasa tuseme mtandao ni hafifu, data iko wazi, na simu inatumia vipimo 200 kwa saa.
5000 ÷ 200 = saa 25. Hiyo ni siku moja na saa moja tu.

Gunia ni lile lile. Mtu hajapiga simu hata moja. Tofauti ni walaji waliomo ndani.

Tufanye na hesabu ya fedha. Mtu anayechaji mara 5 kwa wiki kwa shilingi 500 hulipa shilingi 2,500. Akiweza kuchaji mara 2 tu, atalipa shilingi 1,000. Atabakiwa na shilingi 1,500 kila wiki. Kwa wiki 52 za mwaka, ni shilingi 78,000. Je, fedha hizo zingenunua daftari ngapi nyumbani kwako?

Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wetu. Tena imekuwa njia ya kuomba msaada. Nchini Tanzania namba 115 hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, katika mpango unaoitwa m-mama. Namba hiyo ni bure, lakini simu iliyokufa haiwezi kuipiga.

TUFANYE NINI?

Sasa tunajua walaji ni akina nani. Tuchague wa kumlisha na wa kumnyima.

Kwanza, zima data usiku. Ukizima data, simu za kawaida na ujumbe mfupi vitaendelea kuingia. Kinachosimama ni WhatsApp na vitu vya intaneti. Ukifanya jambo hili moja tu, umewalaza wafanyakazi wengi kwa mara moja.

Pili, iweke simu mahali panaposhika mtandao. Tazama vile vijistari vya mtandao juu ya kioo. Pita navyo chumba hadi chumba. Huenda dirishani ni vitatu na juu ya sanduku ni kimoja. Basi ilaze dirishani kwa ndani, mahali salama, palipo pakavu.

Tatu, kama nyumbani hapashiki mtandao kabisa, tumia alama ya ndege. Kwenye simu yenye Kiswahili huandikwa "Hali ya ndegeni". Ukiiwasha, simu inaacha kutafuta mnara. Hupotezi kitu, maana mahali pale usingeweza kupigiwa. Ukipata shida usiku, nenda na simu mahali panaposhika, izime alama ile, kisha piga. Lakini angalia: kama nyumbani panashika mtandao, na una mgonjwa au mjamzito, au unangoja habari ya mtu, usitumie alama ya ndege. Ukiitumia hutapatikana. Zima data tu.

Nne, zima kutafuta mahali, waifai na Bluetooth kama huvihitaji. Kama laini yako moja haishiki mtandao kijijini, izime mpaka utakapokwenda mjini.

Tano, soma ukurasa wa betri. Fungua Mipangilio, penye alama ya gurudumu lenye meno, kisha gusa Betri. Utaona orodha ya programu na kiasi kilicholiwa na kila moja. Ukiona programu usiyoitumia iko juu katika orodha, ifute au izuie. Ukurasa huo umeandikwa kwa maneno na tarakimu. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Usingoje mtoto akusomee.

Sita, chaji ikibaki kidogo, washa "Kiokoa Betri". Hupunguza kazi za siri za programu.

MAMBO YANAYOSEMWA AMBAYO SI SAHIHI

Watu husema, "Ianike betri juani ipate nguvu." Zamani tulianika mawe ya redio, nayo yaliimba kidogo tena. Usiifanyie hivyo betri ya simu. Jua kali huiharibu, na betri ya lithiamu iliyoharibika yaweza kushika moto. Ukiona betri imevimba, acha kuitumia. Usiitoboe wala usiitupe motoni. Ipeleke kwa fundi.

Watu husema, "Acha chaji iishe kabisa ndipo uchaji." Ushauri huo ulikuwa wa betri za aina ya zamani. Betri ya lithiamu haihitaji kuishiwa kabisa. Ukiweza, ichaji kabla haijafika chini sana.

Watu husema, "Kila mara zifunge programu zote kwa kuzifagia kwa kidole." Kufunga programu na kuifungua tena kila baada ya dakika chache hula chaji zaidi, maana inaanza kazi upya. Ifunge ile iliyogoma au ile inayoonekana juu katika ukurasa wa betri.

Watu husema, "Simu ikizimwa kabisa, chaji haipungui hata kidogo." Hii ni karibu na kweli. Betri hujipunguza yenyewe polepole sana, asilimia chache tu kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye simu ya akiba asiiweke mwaka mzima bila kuitazama. Aiweke ikiwa na chaji kama nusu, mahali pa baridi.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Usiniamini kwa maneno tu. Pima mwenyewe. Chukua daftari na kalamu. Kwa siku tatu, andika asilimia ya chaji saa 3 usiku, na tena saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 9. Kila usiku anza na chaji inayokaribiana, na ilaze simu mahali pale pale.

Usiku wa 1: Acha data wazi.
Usiku wa 2: Zima data.
Usiku wa 3: Washa alama ya ndege. (Chagua usiku ambao huna mgonjwa nyumbani.)

Huu ni mfano wa kuandika:

Usiku wa 1: saa 3 usiku 80, saa 12 asubuhi 52. Imepungua 28.
Usiku wa 2: saa 3 usiku 80, saa 12 asubuhi 66. Imepungua 14.
Usiku wa 3: saa 3 usiku 80, saa 12 asubuhi 76. Imepungua 4.

Namba zako hazitakuwa kama hizi. Kama tofauti kati ya usiku wa 1 na wa 2 ni kubwa, mlaji wako ni programu. Kama tofauti kati ya usiku wa 2 na wa 3 ni kubwa, mlaji wako ni mtandao hafifu. Kama hata usiku wa 3 chaji imeshuka sana, betri imezeeka au simu ina ubovu. Hapo ndipo pa kumwona fundi.

Yule baba niliyemtaja mwanzoni alifanya kazi hii. Mwanawe mkubwa alikuwa amewasha data na kujiunga na makundi manne, na juu ya sanduku mtandao ulikuwa wa kijistari kimoja kinachokuja na kupotea. Siku hizi simu yake hulala dirishani, data imezimwa. Aliniambia kwamba alikwenda kibandani na daftari lake, akamwonyesha yule kijana zile namba, akamwomba radhi. Kijana aliomba naye apewe karatasi, azinakili namba zile na kuzibandika kwenye mlango wa kibanda, maana kila wiki kuna mtu anayemwita mwizi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Asilimia: sehemu katika kila mia moja.
Data: njia ya simu kuingia kwenye intaneti.
Mnara: mtambo mrefu unaopokea na kutuma mawasiliano ya simu.
Programu: kazi iliyowekwa ndani ya simu, kama ya ujumbe au ya picha.
Setelaiti: chombo kilichorushwa na watu kuzunguka dunia angani.

MASWALI

1. Kwa nini simu iliyozima kioo haifanani na simu iliyozimwa kabisa?
2. Simu iliyo mbali na mnara hufanya nini ambacho iliyo karibu haifanyi?
3. Ukizima data usiku, ni kitu gani kitaendelea kuingia kwenye simu, na kitu gani kitasimama?
4. Ni wakati gani hupaswi kuwasha alama ya ndege?
5. Betri ina vipimo 4000. Simu inatumia vipimo 80 kwa saa. Itakaa saa ngapi?
6. Taja jambo moja linalosemwa juu ya betri ambalo si sahihi. Eleza ni kwa nini.

TUJADILIANE

Katika kitongoji chenu, ni nyumba zipi zina wajawazito, wazee au watoto wadogo? Usiku simu ya nani huwa na chaji, na mahali gani panashika mtandao? Kubalianeni simu mbili au tatu ambazo hazitaachwa ziishiwe chaji usiku. Andikeni namba zake kwenye karatasi, kila nyumba iwe na nakala yake. Namba iliyo ndani ya simu haisomeki simu ikizimika. Iliyo kwenye karatasi husomeka siku zote.